Marehemu Alinifungulia Mlango

Mwanamke aliyenifungulia mlango alikuwa marehemu.

Sitanii. Tangu tuanze mazungumzo ya kununua ile nyumba ya mtaa wa Songo, hatukuwahi kumwita kwa jina lingine. Marehemu mke wa Sévère. Marehemu aliyepanda yale maua ya njano kando ya uzio. Sasa alikuwa amesimama mbele yangu, kiuno kimefungwa mkanda mpana wa hospitali, mwiko wenye unga mkononi, akinitazama kama mtu anayetazama mwuza sabuni.

"Weye nani?"

"Minye Apolline." Nilikuwa nimeshika futi yangu ya ushonaji. "Nimekuja kupima madirisha. Ya pazia."

"Madirisha ya nani?"

"Ya hii nyumba. Tunainunua. Kesho asubuhi tunasaini."

Alicheka. Kicheko cha kweli, cha kumwonea huruma mtu aliyekosea njia. "Mama, umepotea avenue. Hapa hapauzwi. Hapa ni kwa Sévère."

"Ni Sévère mwenyewe anauza. Weye ni nani yake?"

"Bibi yake. Consolate. Nilifika jana kutoka Lemera, hata yeye sijamwona bado. Wanasema iko ng'ambo, Bujumbura."

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi.

Ngoja nieleze tulivyofika hapo, maana mtu mwenye akili atauliza: mnanunuaje nyumba bila kujua nani anaishi ndani?

Mume wangu Cyprien ni mtunza ghala la saruji, mimi ni fundi wa nguo. Nyumba kama ile tusingeipata bila mkopo, na koperative ya akiba na mikopo ilikubali kutukopesha kwa sharti moja: nyumba yenyewe iwe dhamana, na hati zote zipite mikononi mwa wakili. Meneja alituambia wazi, "Mutafute wakili wenu, si wa muuzaji. Ikionekana baadaye kwamba huyo mtu hakuwa na haki ya kuuza, nyumba itawatoka, lakini mkopo mutaendelea kulipa." Nilimsikia vizuri. Cyprien pia alimsikia.

Nilikwenda kwa Maître Fabiola, wakili kijana mwenye ofisi ndogo karibu na soko. Aliuliza maswali mpaka nikaanza kutoka jasho. Nani analala mle ndani? Muuzaji alioa kwa sheria? Mke amezikwa wapi, na ni nani aliyeona kaburi? Majirani wa mipaka wamewaona ninyi? Nilirudi nyumbani nikiwa nimempenda.

"Huyo anahoji kama askari wa mpakani," Cyprien akasema. "Halafu, parrain tutamwambia nini?"

Parrain wetu, baba yetu wa ndoa, ni Maître Venant. Alisimama na Cyprien kanisani akiwa ameshika pete. Tulipogombana mwaka wetu wa kwanza alikuja akakaa katikati yetu, akatulazimisha kupeana mikono kama watoto, na tukapeana. Kwetu, parrain akiwa fundi wa viatu, viatu vyako vinakwenda kwake. Akiwa wakili, je? Kumpita na kwenda kwa msichana asiyekujua ni kumwambia mbele ya kanisa zima kwamba humwamini. Nilipiga kelele siku nzima. Jioni nikakubali.

Maître Venant alitupokea kwa mikono miwili. Jambo moja tu lilinishangaza. Mtu akinunua kiwanja hapa kwetu, kwanza wanaitwa majirani wa mipaka na chef wa avenue, mkuu wa mtaa, linanunuliwa kreti la bia, na kila mmoja anasema kwa mdomo wake kwamba anamjua muuzaji na anajua mipaka. Yeye alikataa. "Tutawaita tukishasaini. Songo iko na midomo mingi. Wakijua munanunua, bei itapanda." Tukaona huo ndio ujanja wa wakili aliye upande wetu. Nyumba tulionyeshwa mara moja tu, imefungwa madirisha, Sévère akitembea mbele yetu bila kusema. Ofisini alilia. Mimi mwenyewe nilimpa pole.

Hayo yote nilimweleza Consolate pale kwenye ngazi, vipande vipande, huku nikinywa maji aliyoniletea.

"Nilimpa pole ya msiba wako," nikasema.

"Minye nilikufa lini?"

"Kabla ya Pasaka."

"Wapi?"

"Lemera. Walisema ulizikwa haraka, kwa sababu ya joto."

"Lemera hakuna joto," akasema. Ugali wake ulikuwa unaungua ndani, harufu ilitufikia, na hakuna aliyesimama. "Nilipasuliwa mgongo, kisha nikabaki kwa mama yangu kule mlimani mpaka niweze kutembea. Sévère alikuja mwanzoni, kisha akaacha. Nikasema ni barabara. Nani aliandika kwamba nimekufa?"

"Wakili wetu. Kwenye hati iko imeandikwa muuzaji ni mjane, bibi alifariki. Kwa hiyo saini ya bibi haihitajiki."

"Wakili gani?"

"Maître Venant."

Aliweka mwiko chini, kwenye simenti, polepole.

"Venant mrefu? Wa ndevu nyeupe?"

"Unamjua?"

"Ni parrain wetu! Minye na Sévère. Ndiye alisimama na siye kanisani." Alijishika kifua. "Alikuja kuniona Lemera. Aliniletea machungwa, akaniombea."

"Mwezi gani?"

"Wa tano. Mvua zilikuwa zinaisha."

Pasaka ilikuwa imepita zamani. Hati ilikuwa imeshaandikwa; niliiona kwa macho yangu wiki ya Pasaka yenyewe. Alikuwa amemwandika marehemu, kisha akapanda mlima kumpelekea machungwa.

Nikampigia Cyprien. Hakuamini neno hata moja.

"Mama Junior, hukuelewa. Itakuwa dada ya marehemu. Parrain hawezi kufanya hivyo."

Nilimpa Consolate simu. Akaisogeza mdomoni kwa heshima, kama anavyofanya mtu akiongea na mkubwa.

"Allô, Baba Junior. Jambo. Ni minye, marehemu."

Nilipoirudisha simu sikioni, Cyprien alisema tu, "Kesho uje naye."

Asubuhi tulikwenda na Consolate kwa pikipiki, tukimsihi dereva akwepe mashimo, maana kila tundu la barabara lilimpiga mgongoni. Cyprien alitangulia. Ofisini walikuwa wameshakaa: Maître Venant nyuma ya meza yake, Sévère pembeni na shati jipya, na mtu wa koperative aliyeleta hati za mkopo.

Sévère alipomwona mkewe, alisimama akaelekea ukutani. Ukutani, si mlangoni. Alibaki pale ameweka paji la uso kwenye kalenda.

Maître Venant hakushtuka. Hilo ndilo lililonishtua mimi kuliko yote. Alifungua mikono.

"Consolate, binti yangu! Umepona! Mungu ni mwema." Akamvutia kiti.

Consolate hakukaa. "Parrain, kumbe nilikufa?"

"Kaa kwanza, mwanangu. Madaktari walikuwa wamekata tamaa, Sévère mwenyewe aliniambia. Alitaka kuhamia Kalemie, aanze upya. Huku Cyprien anatafuta nyumba. Wote munaniita baba. Mlitaka nifanye nini, nimsaidie mmoja nimwache mwingine?" Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyotupatanishia mwaka ule. "Sikudanganya. Nilitanguliza kidogo tu."

Mtu wa koperative alikuwa ameanza kurudisha karatasi zake kwenye mfuko, haraka, bila kumtazama mtu.

"Yale machungwa," Consolate akasema. "Ulikuja kuona kama niko karibu kufa?"

Sévère, pale ukutani, mabega yalikuwa yanatikisika. Sasa sikumpa pole.

Maître Venant alimgeukia mume wangu. Si mimi. "Cyprien, sikiliza. Nyumba haijapotea. Mwenye nyumba iko hapa, mzima. Tunafuta neno moja, anasaini na yeye, na leo leo munapata ufunguo."

Nilimtazama Cyprien. Najua alivyoipenda ile nyumba. Alikuwa ameshachagua mahali pa kuweka meza, upande unaoonekana ziwa. Akamgeukia Consolate.

"Mama, unauza?"

"Hapana. Nitalala wapi?"

"Basi."

"Basi nini?" Maître Venant alisimama. "Leo unanikataa mbele ya watu? Minye nilikushikia pete!"

Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumsikia akimpinga huyu mzee, hata kwa jambo la chumvi kwenye chakula. Alinishika mkono, mbele yao wote, jambo ambalo pia halifanyi.

"Parrain," akasema, "siku Mama Junior akilazwa, utaandika nini?"

Mzee alianza kukusanya hati zake mezani. Halafu Consolate akasema mgongo unamuuma, anataka kwenda kwake, na tukamsaidia kushuka ngazi, mmoja kila upande.