Pua Iliyofungiwa Ndani

Skrini ilikataa tena. Neno la siri si sahihi, ilisema, na safari hii ikanitaka nisubiri zaidi kabla ya kujaribu upya. Niliinuka, nikazunguka meza, nikakaa, nikainuka. Kiti kile kilikuwa changu zamani, lakini kuna mtu alikuwa amekishusha, na magoti yangu hayakujua pa kwenda.

Nyuma yangu mjomba alikuwa akipumua kwa nguvu, kama kawaida yake anapojizuia kusema. Karibu na dirisha alikaa mshonaji, mama wa makamo, uso wake umefunikwa kuanzia chini ya macho kwa kitambaa alichokipinda mwenyewe kwa mshono wa kupendeza. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuhangaika, na ndiye pekee aliyetulia.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza viungo vya bandia vya uso: masikio, pua, wakati mwingine shavu zima. Mjomba alinifundisha tangu sijui hata kushika kisu cha nta. Mshonaji alikuja kwetu kabla ya upasuaji, madaktari walipokwisha kumwambia kwamba pua haitapona, itaondolewa. Nilimpiga picha kwa mashine inayozunguka uso, kila tundu na kila kunyanzi, ili baadaye tumrudishie ileile. Kisha nikayafunga mafaili yake kwa neno la siri, kama nilivyoyafunga ya wateja wote. Uso wa mtu si kitu cha kuachwa wazi.

Haukupita muda nikagombana na mjomba. Nilikuwa nimechonga pua ya mteja mwingine kwa nta, nimeikeshea kwa mawazo, nayo imenipendeza. Mjomba akaingia, akaitazama, akasema inaringa, akachukua kisu na kuikwangua mbele ya macho yangu. Nilibeba mkoba wangu nikatoka. Hakuniita, nami sikugeuka. Ndivyo ukoo wetu ulivyo, shingo zetu hazina bawaba.

Nilipoondoka, fundi wa kompyuta aliisafisha mashine na kuiwekea vifaa vipya, kibodi ikiwemo, lakini mafaili yangu yalibaki yamefungwa. Kumbe hakuna aliyejali, mpaka mshonaji alipopona kidonda na kuja kudai pua yake. Ndipo mjomba aliponipigia simu.

"Nitajie hiyo paswedi," alisema.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Haya, nitajie."

"Nakuja mwenyewe."

Sikuweza kuitaja. Nilikuwa na sababu zangu.

Na sasa nilikuwa nimekuja, na mlango haufunguki. Niliandika polepole, nikaandika haraka, nikaandika nimefumba macho. Jasho lilinitoka kwapani.

"Unafanya makusudi," mjomba alisema hatimaye. "Unataka kunikomoa mimi, lakini anayeumia ni huyu mama."

Maneno yale yaliniuma sana. "Naandika ileile niliyoiandika siku zote!"

"Basi itaje, niandike mimi."

Nilimtazama mshonaji, nikatazama sakafu. Maji yalikuwa yamefika shingoni.

"Mjomba kichwa ngumu," nilisema. "Yote pamoja. Halafu saba."

Kitambaa cha mshonaji kilitikisika, alikuwa anacheka. Mjomba hakucheka. Alikaa, akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akijitukana mwenyewe mpaka mwisho. Skrini ikakataa.

"Nichongeeni yoyote," mshonaji alisema. "Ya kuegeshea miwani nitapata, nitatunga uzi kwenye sindano, maisha yataendelea." Vidole vyake vilikunja na kukunjua pindo la kitambaa. "Ila ningependa ile. Ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa yangu. Nilirithi kwa mama, na mama sina hata picha yake."

Sikuweza kukaa chumba kimoja na maneno hayo. Nilikimbilia chumba cha plasta, nikasimama katikati ya vumbi jeupe lililozoea kutuingia mpaka masikioni. Dirisha lilikuwa limezuiwa lisijifunge, na kilichokuwa kimelizuia ni kibodi yangu ya zamani. Mjomba si mtu wa kutupa kitu.

Niliipangusa kwa kiganja, nikabonyeza saba. Ilikuwa imezama, imeganda kwa plasta. Nikakumbuka nilivyomwomba kibodi mpya, naye akanijibu, "Namba ziko kumi, wewe unalilia moja?" Sikuwahi kuihusisha saba ile na neno la siri. Neno la siri ukiliandika huonekana nukta tu, na nani ahesabu nukta? Huenda ilikuwa imekufa tangu siku ya kwanza, neno likahifadhiwa bila saba, nami nikawa nabonyeza kaburi.

Nilirudi mbio. "Mjomba, toa saba!"

Aliandika upya, kwa kidole kilekile. Mafaili yakafunguka.

Pua ilijitokeza skrinini, pana, imeegemea kushoto kidogo, ina kovu dogo pembeni. Mshonaji alisogea. Alifungua kitambaa mbele yetu kwa mara ya kwanza, akainama mpaka uso wake ukaikaribia.

"Huyo," alisema. "Huyo ndiye mama."

Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akaenda kabatini, akarudi na bonge la nta na kile kisu, akanipa kisu kwa upande wa mpini.

"Chonga," alisema. "Mimi siigusi."

Sasa miaka imepita, na mjomba tumekwisha kumzika. Fundi wa kompyuta kila akija hunisihi nibadilishe neno la siri, la zamani mno, nami humwambia nitabadilisha. Asubuhi nikifika huvuta kiti, huandika mjomba kichwa ngumu, bila saba, na mashine hunifungulia.