Majani ya Mgomba Hayapandi Ndege

Mtu asikudanganye, Kiganjo, mtaa wa Thika, si mahali pa kukosa watu. Wamejaa tele. Lakini Jeconia, mkaguzi wa mimea aliyehamia Thika kutoka Siaya mwaka wa tisini na tatu, hakuwa na wa kumwambia karibu chai. Nani angemkaribisha? Kazi yake ilikuwa kufungua maboksi ya mazao kule Ruiru kabla hayajapelekwa uwanja wa ndege, na akikuta mdudu, mzigo hauondoki. Mkulima aliyepata hasara hiyo atakupa mkono kweli? Hata salamu walimrushia kwa mbali.

Isipokuwa Ephantus, mkulima wa avokado, na mkewe Warigia. Hao walimpenda tu, bure. Kila Jumapili alienda kwao karibu na mto Chania na sufuria ya samaki, wakala, wakacheka Kikuyu chake kibovu. Na kwa vile pale chombo cha mgeni hakirudi kitupu, hata kama ni kiazi kimoja utaweka, Warigia alikijaza mukimo, ule mseto wa viazi na mahindi. Sufuria haikuwa na kifuniko, basi aliifunika na jani bichi la mgomba, akalikaza pembeni kama anayemfunika mtoto. "Isipoe njiani, Jeconia wetu," alimwambia. Mambo ya kazi Jeconia hakuyagusa pale. Alitaka, jamani, nyumba moja tu duniani ambayo yeye si mkaguzi.

Mwaka mmoja Ephantus na kikundi chake wakapata mnunuzi wa ng'ambo. Siku ya mzigo wa kwanza Jeconia akafungua boksi. Avokado zilikuwa zimefunikwa na majani mabichi ya mgomba, yamekazwa pembeni vizuri. Hakuuliza ni kazi ya nani. Akageuza jani moja. Wadudu weupe, wa unga unga, walikuwa wameshashuka kwenye matunda.

"Toa hayo majani tuendelee," Ephantus akasema akicheka. "Warigia hakutaka zichomwe na jua."

"Majani mabichi hayaruhusiwi, ndugu yangu. Na wadudu wameshaingia kwa matunda."

"Lakini si ni wewe unakagua?"

Ni yeye, ndiyo. Angefumba macho, nani angejua? Lakini wadudu hao wakionekana huko ng'ambo, mlango ungefungiwa kila mkulima wa avokado, hata asiyemjua Ephantus. Jeconia akaukataa mzigo, na alijua kabisa anapoteza nini. Ephantus hakugombana. Alipakia maboksi yake, akaenda bila kwaheri.

Jumapili hakuitwa. Hata hivyo akavaa shati safi, maskini, akakaa kitandani kusikiliza viatu vya watu wakipita nje. Jioni mlango ukabishwa. Akaruka kufungua! Alikuwa Warigia, ameshika sufuria ambayo Jeconia aliisahau kwao wiki iliyopita.

"Habari ya jioni, bwana mkaguzi."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo.

"Nzuri, mama. Karibu ndani. Mimi nilikuwa natimiza sheria tu, hayo majani..."

"Kila Jumapili uliyaona mikononi mwangu," Warigia akasema. "Neno moja tu ungeniambia."

Ilikuwa kweli. Jeconia akaipokea sufuria kwa mikono miwili, na Warigia akashika njia. Ilikuwa nyepesi. Alifunga mlango kwanza ndipo akachungulia, akajilaumu na kulia kwa sauti. Ilikuwa imesuguliwa ikang'aa, na ndani hamkuwa na kitu, hata kiazi kimoja.