Namba Kumi na Nne

Mgeni alifika Jumanne asubuhi bila kutangazwa, akaketi kwenye kiti cha Émérance. Alijitambulisha: Toussaint, mkuu mpya wa wafanyakazi, katumwa na makao makuu ya shirika, Kinshasa. Émérance alibaki amesimama katika maabara yake mwenyewe, chupa ya maji mkononi.

Miaka sita alikuwa amepima visima vya Uvira kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Kwenye kompyuta visima vilikuwa namba tupu. Mtaani kila kimoja kiliitwa jina la mama aliyekichimbisha, na ni Émérance peke yake aliyejua namba ipi ni ya nani.

Toussaint alieleza kwa upole kwamba ujuzi ni mali ya shirika, si ya mtu. Aandike yote: namba, majina, njia. Kisha awafundishe vijana wawili wa mshahara mdogo. Baada ya hapo mkataba wake utatazamwa.

"Chef, miaka sita muko munautazama," Émérance alisema. "Macho hayajawauma?"

Rémy, dereva, alicheka mlangoni, halafu akajifanya anakohoa.

Toussaint aliongeza kwamba majibu ya vipimo vya wiki hii yasitoke ofisini mpaka Kinshasa iyathibitishe. Labda wiki nne.

Maji ya chupa ile yalitoka namba kumi na nne: kwa Pélagie, mtaa wa Kilibula. Yalikuwa na vijidudu vya kipindupindu. Watoto saba wa ua ule walikuwa wakiyanywa, na Jumamosi iliyopita Émérance alikuwa amemwahidi Pélagie kumletea majibu yeye mwenyewe.

"Mama Émérance, ukiyatoa, mkataba unaishia hapo. Tunaelewana?"

"Tunaelewana. Na ule mama, wiki ine anywe nini?"

Toussaint alimsogezea karatasi na kalamu. Émérance hakuvigusa.

Rémy aliutazama ufunguo wa gari, asithubutu kuuchukua. Émérance akapanda pikipiki ya kukodi.

Huko Kilibula alimwambia Pélagie wazi, mbele ya majirani. Walikiziba kisima kwa miiba na bati. Simu kutoka ofisini ikaita mfukoni mwake, ikanyamaza.

"Sasa tuchote wapi, mama?" Pélagie akauliza.

Émérance alivipitia visima vyote kichwani. Cha karibu kilicho safi kilikuwa kimoja tu, ndani ya ua wa shirika, nyuma ya geti na mlinzi.

"Mulete ndoo," alisema, akawatangulia.