Folda ya Muda

Daktari wa koo hakupindisha maneno. Uvimbe umekaa pabaya, kisanduku cha sauti kitatolewa chote, na baada ya upasuaji mzee hatasema tena. Atapumua kwa tundu la shingoni, atakula, ataishi, lakini sauti basi. Na mzee mwenyewe, jamani, alikuwa mpiga mnada! Mtu aliyewauzia kabati bovu watu waliokuja kutafuta kijiko, kwa mdomo tu. Pale kwenye benchi la hospitali alimgeukia binti yake akasema, "Sasa mama, wateja nitawalaghai kwa nini, kwa kope?" Binti akacheka, kisha akaenda chooni akalia mpaka kwikwi ikamkaba.

Binti huyo alitunza kompyuta za ofisi moja ya bima, na kazi yake aliijua. Alijua kwamba mtu akirekodiwa vya kutosha akiwa bado na sauti yake, kompyuta inaweza kufundishwa kusema kama yeye. Mzee ataandika kwa vidole, spika itaongea kama mzee. Basi akatunga programu ndogo ya kurekodi, akaiweka kwenye kompyuta ya sebuleni.

Mahali pa kuhifadhi sauti hakupaandika ndani ya programu. Alitumia kigeu, yaani jina ambalo kompyuta inalikumbuka kwa niaba ya programu zake, na kinachokaa chini ya jina hilo unaweza kukibadilisha bila kuigusa programu yenyewe. Programu inauliza, "Niweke wapi?" na kigeu kinajibu. Wakati wa majaribio aliandika kwenye faili la mipangilio, lile linalosomwa kila mashine inapowashwa, kwamba sauti ziende kwenye folda ya muda. Folda hiyo haikai kwenye diski. Ukizima umeme, vilivyomo vimekwenda na maji. Ndivyo alivyozoea ofisini, takataka za majaribio zijifagie zenyewe.

Siku ya kurekodi kweli ilipofika, akakielekeza kigeu kwenye folda ya baba. Ila alikibadilisha kwenye dirisha la amri, pale unapoiandikia kompyuta maagizo, lililokuwa wazi mbele yake, maana mzee alishakaa, kikombe cha maji ya uvuguvugu mkononi, anauliza, "Tunaanza, au tunasubiri wateja wajae?" Faili nitalirekebisha baadaye, akajisemea. Siku hiyo wakarekodi kidogo tu, mzee anahesabu moja mpaka kumi, akafungua folda, sauti imo. Roho ikatulia. Hiyo baadaye haikufika. Na kigeu ukikibadilisha kwenye dirisha, umekibadilisha kwa dirisha hilo tu. Likifungwa, kompyuta inarudi kulisikiliza faili. Haya ndiyo aliyokuwa akiwafokea wenzake kila uchao. Yeye, wa kuwafokea wengine!

Kila jioni shangazi, dada wa mzee waliyeishi naye, aliyeogopa moto kuliko kitu chochote, alipita akizima swichi za ukutani. Kila alasiri binti akawasha upya, akafungua dirisha jipya, programu ikamwandikia "imehifadhiwa". Haikumdanganya. Haikumwambia wapi tu, naye hakuuliza.

Na mzee alivyosema! Alisoma gazeti mpaka likamchosha, akaanza kunadi. Alinadi kiti alichokalia shangazi, naye shangazi akiwa juu yake. Akanadi koo lake: "Limetumika, mabibi na mabwana, lakini halijachakaa! Nani ataongeza?" Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho kwa upande wa kanga, na hakuwa akicheka tena.

Siku ya mwisho, sauti ikiwa imeshaanza kukwaruza, mzee alimtoa binti sebuleni. "Nenda jikoni, mama. Haya ni yako, lakini si ya kusikiliza nikiwa nakutazama." Binti akasimama jikoni akisikia mnong'ono mrefu nyuma ya mlango, asipate neno. Mzee alipotoka macho yalikuwa mekundu, akadai chai.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mzee akarudi nyumbani na kitambaa shingoni, amekonda, ananyooshea vitu kidole. Binti akakaa kwenye kompyuta aanze kuitengeneza sauti. Folda ya baba ilikuwa na rekodi moja, ya kuhesabu moja mpaka kumi. Akadhani amekosea folda. Akatafuta kila pahali. Kisha akalifungua faili la mipangilio, akausoma mstari alioandika kwa mkono wake: folda ya muda. Alijaribu kila ujanja alioujua na aliouomba kwa wenzake, lakini huwezi kufukua kitu ambacho hakikuwahi kuzikwa. Mikononi alikuwa na namba kumi tu.

"Mwambie mashine imeharibika," shangazi akamnong'oneza. "Mashine si huharibika?"

"Haijaharibika, shangazi. Imefanya nilivyoiambia."

Akaenda akapiga magoti mbele ya kiti cha mzee, akamweleza yote: faili, dirisha, folda, uzembe wake. Alilia kama mtoto aliyevunja chombo cha watu. "Hata yale ya mwisho, baba. Yale uliyoniambia mimi. Sikuyasikia, na hayapo."

Mzee akamshika mashavu kwa mikono miwili. Akafumbua mdomo, akaanza kumwambia. Midomo ilikwenda, maneno mengi, nyusi zikipanda na kushuka kama yuko mnadani, na pumzi ikitoka shingoni, fyuu, fyuu, chini ya kitambaa. Binti akaikodolea midomo ile mpaka macho yakamuuma.

"Baba, sisikii."

Mzee akatikisa kichwa, akaanza upya, polepole zaidi.