Nyumba ya Mabati ya Buluu

Jumamosi asubuhi, umeme ukiwepo, Nabintu alipangusa vumbi jeusi la volkano juu ya kompyuta ya maktaba, akaweka toleo jipya la programu. Ilikuwa programu huria, inayoandikwa na watu wa nchi nyingi wasiomdai mtu kitu, na maktaba ndogo ya mtaa wa Katindo iliitumia kupanga vitabu na wasomaji wake. Alisoma mambo mapya yaliyoletwa huku akitafuna sambaza, dagaa wa ziwani, za kukaanga. Msomaji sasa angeweza kuagiza kitabu kilicho mikononi mwa mwingine. Picha ya jalada ingeonekana kando ya jina la kitabu. Na anwani ya msomaji ingejithibitisha yenyewe.

Hilo la mwisho lilimfurahisha. Alikuwa amechoka kuvutana na Papa Léopold, mkuu wa kamati ya maktaba, aliyeweka sheria kwamba asiye na anwani ya kudumu hapewi kadi. Kwa sheria hiyo watu waliokimbia vita na kuishi kambini walisomea humo humo, na maktaba ilipofungwa waliacha kitabu katikati ya sentensi.

Joviale alikuwa mmoja wao. Alikuwa finaliste, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, mtihani wa serikali umekaribia, na alishuka kwa miguu kutoka kambi ya Munigi kuja kunakili hesabu.

"Tujaribu tena," Nabintu alimwambia. "Adresse yako?"

"Mama, si unajua tuko ku kambi? Ndani ya hema ya bâche."

"Sikuulize kwenye unalala. Nakuuliza kwenu."

Joviale alifikiri kidogo. "Kwetu ni Masisi. Nyumba ya mabati ya buluu, chini ya kanisa, pembeni ya muti ya avoka."

Nabintu aliandika vile vile. Kompyuta ikajibu: Anwani inatafutwa.

Jumatatu nyumba ilifika Munigi. Ilisimama juu ya mawe ya volkano nyuma ya hema la akina Joviale, udongo wa Masisi umeng'ang'ania msingi wake, na mparachichi ubavuni, umepoteza matunda machache njiani. Mama Munezero, mamake Joviale, aliizunguka, akaona ukuta mmoja umerukiwa na matope ya safari, akaomba ufagio kwa jirani. Ndani alikuta godoro lisilo lake, buti za mtu wa bunduki, na kibuyu cha maziwa ya ng'ombe wao, yaliyokamuliwa asubuhi ile na mwenye buti. Buti akazitupa nje. Maziwa akayafunika.

Papa Léopold alipanda pikipiki akaja kuhakikisha kwa macho yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sheria. Alipiga hodi, akakaribishwa, akanywa maziwa kikombe kizima akizitazama kuta.

"Hii nyumba haielekee barabara," alisema mwishowe.

"Ilikuwa inaangalia ng'ombe, papa," Mama Munezero akajibu.

"Na ni ya kudumu?"

Mama Munezero aliupiga ukuta ngumi. Ukuta haukutikisika.

"Basi," alisema Papa Léopold, "mupatie mutoto carte."

Jioni hiyo Joviale aliondoka maktabani na kitabu cha hesabu chini ya kanga, akitembea kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Habari haikulala. Kamate, fundi wa nguo pale kambini, alitaja anwani yake, na nyumba yake ikashuka na cherehani ndani, uzi ukiwa bado kwenye sindano. Zikafuata nyingine, jirani akifuatana na jirani wake wa zamani. Kanisa nalo lilikuja ingawa halikuomba kadi. Pengine ni kwa sababu kila mtu alisema anakaa karibu nalo. Rafu za maktaba zikabaki tupu, vitabu vyote vimeazimwa, na Nabintu alipita katikati yake na furaha ya mwenyeji ambaye wageni wamemaliza sufuria.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, Joviale alikuwa na soixante-dix-huit, asilimia sabini na nane. Wanawake walipiga vigelegele, kengele ya kanisa ikalia, poda nyeupe, kama desturi ya kusherehekea mtihani, ikamwagwa juu ya vichwa vya wote. Papa Léopold alicheza mpaka koti lake likawa kama la muuza unga. Nabintu alilia, akapakwa poda juu ya machozi.

Wakubwa wa mji walikuja pia, wakapewa viti. Mmoja wao alisimama, akatangaza kwamba wahamishwa wa kijiji hiki wamesharudi makwao, na kwamba msaada wa kambi utaelekezwa kwingine. Huko Masisi mwenye buti alikuwa ameshaanza kujenga nyingine pale pale, na ni yeye aliyeendelea kuwakamua ng'ombe.

"Ni nyumba njo zilikuja," Mama Munezero alimwambia mkubwa yule, bila kupandisha sauti. "Siye hatuyarudi kwetu bado."

Mkubwa alitabasamu, akaomba maji ya kunawa kabla ya chakula.

Kesho yake Mama Munezero alishuka mwenyewe Katindo, poda bado nyweleni. Nabintu alimwandikia kadi. Mama Munezero akaomba kitabu cha sheria ya ardhi, kile kinene. Akakiweka kwapani, akapita mbele ya Papa Léopold aliyesimama kumpisha mlangoni, akashika njia ya Munigi, na kabla hajafika rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, alikuwa ameshakifungua, anasoma kwa sauti.