Dirisha la Wazee

Asubuhi ya Alhamisi, Veneranda alisimama mbele ya wafanyakazi wa Kituo cha Afya cha Ntambilo, simu mkononi, akawasomea mwongozo mpya. Ulikuwa umeingia alfajiri kwenye kundi la WhatsApp la wasimamizi wa afya na ustawi wa jamii, kama ile yote iliyoutangulia, nembo juu na maneno "kwa utekelezaji wa haraka" chini. Emilian wa mapokezi alikuwa na chapati mfukoni, imefungwa kwenye gazeti, na mafuta yalishaanza kujitokeza kwenye koti lake jeupe. Hakuna aliyecheka, maana vikao vya Veneranda havikuwa vya kuchekea.

Mwongozo ulisema barua ya mwenyekiti wa mtaa haitoshi tena. Mzee anayeomba kutibiwa bure atafika mwenyewe dirishani, na mhudumu atauhakiki uzee wake kwa macho.

"Na umechelewa kuja," alisema Veneranda. "Watu wametuchezea vya kutosha."

Pale kituoni walimwita Mama Hakiki, naye alijua na hakukasirika. Kazi ya usimamizi ilikuwa imemfundisha kwamba mgonjwa hudanganya kidogo, ndugu wa mgonjwa hudanganya zaidi, na mwenyekiti wa mtaa hana haja hata ya kutajwa.

Wa kwanza kuhakikiwa alikuwa Mzee Uwesu, fundi cherehani wa Gongoni, aliyeshona kanzu za nusu ya mji na kaptula za shule za nusu iliyobaki. Aliingia getini akiegemea mkongojo, mgongo umepinda, mguu wa kulia ukiburuta. Alipofika kwenye bomba la maji, mguu uliacha kuburuta. Alipoingia kwenye kivuli cha paa, mgongo ulinyooka na ndevu zikawa nyeusi. Mbele ya dirisha alisimama mwanamume wa miaka kama arobaini, kifua kipana, meno kamili, ameushika mkongojo kama kitu alichookota njiani.

"Mzee Uwesu yuko wapi?" Veneranda aliuliza.

"Ndiye mimi, binti yangu."

"Binti yako? Mimi nimekuzidi umri. Wewe ni mtoto wake, sema tu. Baba yenu mmemwacha wapi?"

"Mwanangu yuko Urambo, analima tumbaku. Hata kunipigia simu hapigi, sembuse kunisimamia foleni."

Muuguzi alimpima presha, ikawa ya kijana. Akampima sukari, ikawa sawa. Uwesu mwenyewe alikiri kwamba kwa wakati huo goti halimuumi, na mwongozo haukuwa na kipengele kuhusu mtu atakayekuwa mzee akishatoka. Emilian aliandika "hana sifa" na kumwita anayefuata. Uwesu aliondoka kwa hatua ndefu hadi kwenye bomba, pale mguu ukaanza tena kuburuta, na mlinzi akamshika mkono kumvusha getini.

Anayefuata alikuwa Bi Sikuzani wa Mtendeni, na mambo yalikuwa yale yale.

Veneranda alishuku kwanza kwamba wazee wanabadilishana na watoto wao nyuma ya tangi la maji. Alikwenda kusimama pale mwenyewe, mikono nyuma, akawatazama wakipita. Aliona mvi zikirudi ndani ya kichwa na makunyanzi yakijikunjua, wala hapakuwa na mtu nyuma ya tangi isipokuwa paka. Basi akashuku kwamba ni mbinu, ingawa hakuijua ni mbinu gani. Mjini watu wana mbinu. Alimhamisha Emilian kwenye dirisha la pili, na wazee wakawa vijana kwenye dirisha la pili. Alimweka na meza yake koridoni, wakawa vijana koridoni. Mwishowe aliandika kwenye kundi la wasimamizi kueleza hali ilivyo, akajibiwa kwa neno moja: "Zingatieni." Wenzake wengine waliweka alama ya kidole gumba. Ilionekana kwao pia ni hivyo hivyo.

Lililowasumbua wafanyakazi zaidi lilikuwa la salamu. Mtu anaingia getini ni babu yako, anafika dirishani ni mdogo wako. Nani amwamkie nani? Emilian aliamua kumpa shikamoo kila aliyefika, hata awe na sura ya shemeji yake, kwa sababu shikamoo haijawahi kumuua mtu. Veneranda hakumpa yeyote. Alisema "habari" na kunyoosha mkono apewe kitambulisho.

Wazee hawakuacha kuja. Dawa hawakupata, lakini walijifunza kulitumia dirisha. Mzee Uwesu alikuja kila Alhamisi na sindano zake zote zimechomekwa kwenye kitambaa, na foleni ilipomfikisha kivulini, macho yakiwa yamerudi, alitunga uzi sindano moja baada ya nyingine, uzi mweusi kwa suruali na mweupe kwa kanzu, za kumtosha juma zima. Bi Sikuzani alileta ungo wa mchele akachagua mawe. Kisha walifika dirishani, wakaambiwa hawana sifa, wakashukuru, wakaenda zao kuugua nyumbani.

Mwisho wa robo mwaka kituo kilipewa cheti cha pongezi kwa kutokuwa na mzee hata mmoja mgonjwa. Veneranda alikitundika ofisini, juu ya kabati lenye maandishi DAWA ZA WAZEE. Kabati lile lilikuwa na kufuli nzuri. Ndani yake hapakuwa na kitu tangu siku fundi alipolileta, na hilo Veneranda alilijua, maana ufunguo alikuwa nao yeye. Yeye aliyemshuku kila mtu hakuwahi kulishuku kabati.

"Mwanangu," Mzee Uwesu alimwambia siku moja, uzi ukiwa mdomoni, "sisi umetupekua vya kutosha. Umeshawahi kuwapekua wanaokutumia hayo makaratasi?"

"Mzee wangu, usinifundishe kazi."

"Haya. Mimi nimesema tu."

Lakini wazee ni wa watu, na wa kwake Veneranda alikuwa nyumbani, Chemchem. Mama yake, Bi Advera, alikuwa na presha ya macho. Aliona mwanga wa mlango na kivuli cha anayeingia, basi. Daktari alikuwa amesema matone yasikosekane: yakikosekana, na hicho kidogo kitafunga na hakitafunguka tena. Kila asubuhi kabla Veneranda hajaenda kazini, mama alimwambia ainame, akampapasa uso taratibu, paji, nyusi, mashavu, kama mtu anayekagua viazi sokoni.

"Umekonda," alisema, au, "Leo umekunja uso. Nani kakuudhi?"

"Hakuna, mama."

"Ningekuona ningejua."

Matone yalikuja kwa bima ya Veneranda, kwa kuwa mtumishi anaruhusiwa kumwandikisha mzazi wake. Ndiyo maana mambo ya dirishani hayakuwahi kumnyima usingizi. Mama yake hakuhitaji kuhakikiwa uzee. Karatasi zilisema ni mama, na umama hauna umri.

Kisha ukaingia mwongozo mwingine, Alhamisi vile vile. Veneranda aliusoma mbele ya wafanyakazi kwa sauti yake ya siku zote hadi katikati, akakohoa, akaomba maji. Ulisema imebainika kuwa baadhi ya watumishi wanawatibisha majirani kwa jina la wazazi. Kwa hiyo kila mtumishi atafika dirishani na mzazi wake, na uhusiano wao utahakikiwa kwa macho. Asiyehakikiwa ataondolewa.

Emilian aliangalia viatu vyake. Mkuki kwa nguruwe, Waswahili walishamaliza.

Matone yalikuwa yamebaki chini ya chupa. Madukani hayakupatikana ila kwa kuagizwa Mwanza, na kwa bei ya kumfanya mtu akae chini. Veneranda alizunguka chumbani kwake akipiga mahesabu ya namna ya kulishinda dirisha. Kwa mara ya kwanza alilishuku. Alijiuliza ni nani aliyekaa mahali akafikiria jambo kama lile, na kama alikuwa na mama. Halafu akapata wazo: atamshika mkono. Wale wengine walipita kwenye bomba peke yao. Mtu akishikwa na mwanawe barabara, kiganja kwa kiganja, atabadilikaje?

Walipanda bajaji. Bi Advera alivaa kitenge chake cha kanisani na kujifunga kilemba, akauliza mara mbili kama kimekaa sawa. Getini Veneranda alimshika mkono. Mkono wa mama ulikuwa mwepesi na mkavu, vifundo vimevimba, na kidole cha shahada kilikuwa na kovu la panga la tangu enzi za kulima karanga.

Kwenye bomba vifundo vilishuka. Veneranda alikaza mkono. Hatua chache mbele, kiganja kilijaa na kupata joto, na kovu likawa halipo, maana panga lilikuwa bado halijamkata. Alizidi kukaza, hakutazama pembeni, aliendelea kutembea akisema moyoni, ni mama, ni mama. Walipoingia kwenye kivuli cha paa, mkono ule ulijichomoa mkononi mwake kwa adabu, kama msichana anavyojichomoa kwa mtu mzima asiyemjua aliyemshika kwa makosa.

Dirishani alisimama binti ambaye hata ishirini hajatimiza. Alinukia moshi na asali, kama wasichana waliokuwa wakiitoa porini na kuileta mjini kwa vibuyu. Kitenge cha kanisani kilimzidi. Macho yake yalikuwa meupe, maangavu, yanarukaruka kila mahali: kwenye tangazo ukutani, kwenye mbayuwayu chini ya paa, kwenye doa la mafuta la koti la Emilian.

Kumwondolea uzee tu kungemwacha angali mama. Kwa hiyo dirisha lilikuwa limemrudisha hadi kabla ya hapo.

"Shikamoo," Emilian alimpa, kwa kawaida yake, na binti akashtuka kidogo na kutabasamu. Emilian alisoma swali lililoagizwa na mwongozo. "Je, unaye mtoto ambaye ni mtumishi?"

Binti alifunika mdomo akacheka. "Mtoto? Mie sijaolewa, kaka."

Emilian aligeuka kumtazama Veneranda, kalamu juu. Angeweza kuandika lolote ambalo Veneranda angemwambia. Lakini yeye ndiye aliyemfundisha kuandika kile tu anachokiona, na wote wawili walikuwa wanakiona.

Binti naye aligeuka. Alimwona mwanamke wa makamo amesimama karibu naye, mkono bado uko wazi hewani, akakumbuka adabu aliyolelewa nayo. Alikunja goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

Veneranda aliuteremsha mkono. Mzee Uwesu alikuwa ameacha kutunga uzi.

"Marahaba," alisema Veneranda. Kisha akamwambia Emilian, "Andika."

Emilian aliandika.

Walitoka, binti mbele, Veneranda nyuma. Kwenye bomba binti alianza kupunguza mwendo. Penye geti Bi Advera alinyoosha mkono hewani akitafuta nguzo, na Veneranda akampa bega.

"Wamesemaje?"

"Wamesema una macho mazuri."

"Hilo ni kweli, nimeona vizuri mno," mama alisema kwa furaha. Walisimama kusubiri bajaji. "Nimeona mbayuwayu. Nimeona kijana ana mafuta kwenye koti. Na kulikuwa na mama mmoja pale dirishani, nimemwamkia. Ni nani yule?"

"Ni msimamizi."

"Nimemwona uso wote, kama ninavyokusikia wewe hapa. Mzuri, lakini kachoka. Uso wa mtu asiyemwamini mtu. Nimemhurumia. Ana mama yake yule?"

"Anaye."

"Basi mama yake hamtazami," alisema Bi Advera. "Angemtazama, angemwambia apumzike."

Jina lake liliondolewa kwenye bima Jumatatu. Matone yalikwisha. Kivuli cha mlangoni kilififia, kisha mlango wenyewe, na asubuhi moja Bi Advera aliuliza kama kumekucha wakati jua liko juu ya bati. Hakulia. Alimwambia Veneranda ainame, akampapasa.

"Alhamisi nipeleke tena kule," alisema. "Nikaone."

Siku hizi Veneranda humleta kila Alhamisi. Humwacha getini ajiunge na wenzake, nyuma ya Mzee Uwesu na sindano zake, mbele ya Bi Sikuzani na ungo wake, halafu yeye huwahi ndani na kusimama kando ya Emilian, mahali penye mwanga. Huwa amechana nywele. Binti hufika, humtazama kwa macho yale maangavu, huinama kidogo na kumwamkia, na yeye huitikia. Kisha Emilian huandika "hana sifa" na kumwita anayefuata.