Pale Machela Ilipokata Kushoto

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye korido ya zamani, mwiko mkononi, nikijaza mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu ya machela kwa miaka hamsini, ndipo nilipoona kwamba inakata kona. Ilitoka mapokezi, ikapita wodi ya wanaume, halafu, hatua kumi kabla ya chumba cha upasuaji, ikapinda kushoto na kuingia ukutani.

Nikafagia vumbi. Nikapima kwa kamba. Nikaugonga ukuta: mawe matupu, umri mmoja na hospitali. Nyuma yake nyasi tu.

Hospitali ilikuwa inapanuliwa: ghorofa nne mpya, lifti, mashine ambazo majina yake yalitushinda kutamka. Kazi yangu ilikuwa sakafu, ufundi niliojifundisha mwenyewe kwa kukosea na kubomoa, na msimamizi alitaka korido ile iwe laini kama kioo. Sikuwa mtu wa kukimbilia maneno. Nilifunika ndoo, nikaenda wodini kwa baba.

Baba alisukuma machela hospitalini humo miaka thelathini. Wenzake walimwita Dereva. Sasa alikuwa amelala kitanda cha tatu kutoka dirishani, akisubiri kupasuliwa kesho yake.

“Baba, pale karibu na upasuaji palikuwa na mlango?”

“Hapajawahi.”

“Mbona magurudumu yameingia ukutani?”

“Kumbe macho unayo. Sisi tulinyamaza, nani angetuelewa? Machela ikifika pale hukata kushoto. Si kila siku. Unaweka mguu kwenye gurudumu, unamwita mgonjwa. Akiitika, inanyooka.”

“Asipoitika?”

“Unamwita tena.” Akavuta shuka. “Hawa wasukumaji wapya hawajui kuita, macho yao yako kwenye simu. Kesho nisukume wewe. Na usiniite kwa hiyo sauti yako ya msibani.”

Tulicheka mpaka muuguzi akatunyamazisha.

Mchana ule nilijaza mifereji yote, nikalainisha, nikaweka pima maji kila hatua. Kiputo kilitulia katikati. Palikuwa sawa kabisa. Naapa hadi leo.

Asubuhi saruji ilikuwa imekaza. Nilimsukuma baba, magurudumu yakiteleza bila kelele, nikaanza kuamini kwamba yale ni maneno ya wazee tu. Hatua kumi kabla ya mlango, machela ikakata kushoto. Polepole, kama punda anayejua njia ya kwao. Nikaivuta, ikanivuta. Ukuta ulikuwa karibu kiasi cha kuhisi ubaridi wake. Baba alikuwa amefumba macho, mdomo wazi kidogo.

“Baba.”

Kimya. Nikaweka mguu kwenye gurudumu. Likausukuma mguu wangu.

“Baba! Baba wee!”

Mkono wake ulikuwa umening'inia upande wa ukuta. Ndipo nikaita kama walivyoita wenzake, kwa sauti ya kujaza korido:

“Dereva!”

“Nipo,” akanong'ona. “Unaita kiziwi?”

Machela ikanyooka.

Aliishi miaka tisa zaidi, na hatukulizungumza tena. Lakini alasiri ile, baada ya kuambiwa ametoka salama, nilirudi na ndoo yangu. Juu ya saruji yangu palikuwa na mikwaruzo miwili myembamba, imepinda kushoto. Haikuishia pale nilipoweka mguu. Ilikwenda hadi ukutani.

Msimamizi akapita. “Fundi, hapo unamaliza lini?”

“Kesho,” nikasema. Nikafunika ndoo, nikaenda kuwatafuta wale wasukumaji wapya.